Kinara cha Pili: Kumkumbuka Baba Yetu, Nathanieli Buberwa (1909–1975)

Tata, mwaka umetimia tangu tulipokulaza kwenye kibanja chako cha urithi huko Muleba, katikati ya migomba. Watu walituambia tutazoea. Hatujazoea.

Wasiokujua tuwaambie: ulikuwa fundi wa malori mjini Bukoba miaka ishirini na mitatu, lakini moyo wako ulikuwa nyumbani Nyanga, kwenye mashine ndogo ya kukereza uliyoizungusha kwa kukanyaga. Mmisionari mmoja alikuachia alipokwenda kwao mwaka wa Uhuru. Uliyeyusha pistoni mbovu, ukakereza alumini: vifuniko vya mabuli, vishikio vya fimbo, vikombe vya wajukuu. Mama alisema umeoa wake wawili, na yule wa chuma ndiye anayepakwa mafuta. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Ulikuwa mpole kwa kila mtu, ila si kwa kazi mbaya. "Alumini inadeka," ulitufundisha. "Kisu kikiwa butu inanata kwenye ncha, halafu inajichana yenyewe. Noa, zungusha haraka, mwisho kwangua kidogo sana, na mafuta ya taa yasikosekane." Mafuta yalidondoka tone tone kutoka kwenye kopo lenye tundu chini. Kazi ikiisha ulipitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwaruza, ulianza upya, hata kama chakula kimepoa.

Mwaka jana kijiji kimoja cha ujamaa huko Muleba kilijenga kanisa, wakakuomba vinara viwili vya altare. Cha kwanza kiling'aa hata Mama akajitazama humo na kufunga kitambaa chake vizuri. Kisha mafuta ya taa yakaadimika. Duka la ushirika likawa linatoa chupa moja kwa kila nyumba, na hiyo moja uliinywesha mashine, sisi tukala gizani.

Hapa ndipo pana neno ambalo hatukuwahi kukuambia.

Mimi Alistidia, binti yako wa kwanza, niliyahamisha mafuta ya kopo lako kwenye chupa nikaificha, tupate ya kuwashia taa. Nilibakiza kidogo tu, nikajazia maji. Mama alijua. Hatukukusudia ubaya. Wahunzi wa kwetu hupoza chuma kwa maji, tukadhani alumini nayo inataka kupozwa tu. Mafuta yakaelea juu, harufu ikabaki. Kilichodondoka kwa chini kilikuwa maji.

Kinara cha pili kikachanika kote. Ulinoa kisu mara tatu. Ulinusa kopo, ukaona halina kosa. Mzee wa kanisa, Mushumbusi, alipokuja kuvichukua akakutania, "Nathanieli, hiki umekikereza au umekitafuna?" Hukucheka. Ulitazama viganja vyako ukasema, "Mkono umeisha, ndugu yangu." Mama na mimi tulikuwa tumesimama pale pale mlangoni. Kwa aibu tukaambiana tutakuambia Jumapili, ukishatulia.

Hukuikanyaga tena mashine. Uliifunika kwa gunia la kahawa. Jumapili zilipita, na kila moja tuliona heri tungoje nyingine. Wiki ya tatu homa ikakushika. Hospitalini uliwaomba radhi waliokuja kukuona, kwa ajili ya kile kinara, na sisi tulikuwa hapo tukikupepea. Ukafa siku ya nne. Chupa niliyoificha ndiyo iliyotuwashia taa siku za matanga yako.

Tumeungama kwa mchungaji. Alituambia Mungu amesamehe. Lakini Mungu hatukumwibia, Tata. Tulikuibia wewe, na wewe huwezi tena kutujibu. Ulikufa ukiamini mikono yako imekusaliti. Haikukusaliti. Ni sisi.

Unakumbukwa na mkeo Adventina, watoto wako Alistidia, Mujuni na Kokwijuka, wajukuu zako saba, na mafundi wenzako wa Bukoba.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, wala hatuombi kusahau.

Nyanga, Bukoba, 1976