Mwanakheri binti Shee wa Bofu, Mwenye Wimbo wa Leso

Mwaka umetimia, Mama, tangu Ijumaa ile ulipotuaga hapa Bofu, Likoni. Tulidhani mwaka ungetosha kutuzoeza, kumbe wapi. Hadi leo jirani akianza kupepeta mchele, sote tunanyamaza tukisubiri wimbo.

Ndivyo ulivyokuwa ukitunga, ungo mikononi, midomo ikienda. Neno likikataa kuja ulisimamisha ungo, na aliyeingia kukuamkia wakati huo alisubiri marahaba yake mpaka ubeti ukae sawa. Wapo waliosema una maringo. Hao hawakukuona siku ambazo neno moja lilikunyima chakula cha mchana, ukawa mkali hata kwa paka.

Kwa mabibi harusi, lakini, ulikuwa mpole ajabu. Ulimwendea kila mmoja kwao, ukakaa naye mkekani, ukamuuliza anaogopa nini. Nyamvula, aliyekuwa yatima, alikwambia anaogopa siku ya kutoka nyumbani, kwa kuwa hana mama wa kumfunga leso. Ulirudi ukaomba mchele, na mchele wa siku ile ulipepetwa mpaka tukadhani utakuwa unga. Hapo ndipo ulipotoka wimbo ambao sasa unaimbwa kila kwenye harusi:

Mamangu nifunge leso, isije ikalegea,
Nyumba yako naiwata, nyumba ngeni naendea.

Maneno ulikuwa nayo, sauti ulinyimwa. Koo lako lilikwaruza tangu surua ya utotoni. Sauti ilikuwa ya Tumu, jirani yetu wa ua wa pili, mwenzako wa tangu kuchezea mchanga. Ulitunga, yeye akaongoza, na wenzenu wakagonga pembe za vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, nyuma yenu. Mkaenda hivyo mpaka harusi moja ya Kisauni. Watu wa huko walimsifu Tumu kwa kuutunga wimbo wa leso, naye akatabasamu tu, akaendelea na biriani yake.

Habari zilivuka maji kabla yake. Hukumgombeza. Uliacha kumwamkia, basi, na nusu ya wanawake wa vugo wakamfuata yeye. Miaka ikapita hivyo, kati yenu pakiwa na ua wa makuti tu, kila mmoja akimsikia mwenzake akikohoa. Wasiokujua walidhani ni wivu wa sauti. Sisi tulijua kwamba lilikuuma jina lako. Ulikuwa na nyimbo, hukuwa na kingine cha kuacha duniani, na nyimbo zenyewe zilikuwa zikienda bila wewe.

Ndiyo maana tunataka kusimulia ya mwaka ule wa mgomo wa bandarini, ulipokuwa edani.

Mumeo alikuwa amefariki, nawe umekaa ndani, hutoki, hujipambi, husemi na mwanamume asiye maharimu wako. Shemegi yako Jumaa, kaka wa marehemu, alikuja kila alasiri na bakora yake kuona kwamba eda ya nduguye inakaliwa inavyopasa. Siku moja, Jumaa akiwa kibarazani na kahawa yake, gari lilisimama mlangoni kwa Tumu. Akashuka Bwana Mbarak, mtu wa Mombasa, aliyekuwa akizunguka kuzungumza na waimbaji, washairi na wachongaji milango. Aliwauliza jinsi wanavyofanya kazi zao, kisha mazungumzo yakasomwa redioni. Alikuwa na chombo cha kunasia sauti, sindano yake ikichora wimbo juu ya sahani. Alikuwa ameuliza kivukoni ni nani bingwa wa nyimbo za harusi, akaelekezwa kwa Tumu. Mwanamke aliye edani hakuna aliyemtaja.

Binti yako Johari alikuwa amekaa nawe uani, nyuma ya makuti. Alisikia kila kitu. Alisikia viti vikiburutwa na pembe zikijaribiwa. Kisha akamsikia Bwana Mbarak akiuliza kwa adabu, "Na huu wimbo wa leso, Bi Tumu, umeutunga mwenyewe?"

Johari akasogeza sikio kwenye makuti.

"Tuimbe kwanza," Tumu alisema. "Hayo baadaye."

Johari alikutazama. Ulikuwa umeinamisha kichwa, vidole vimeshika ukingo wa ungo. Johari akainuka.

"Kaa kitako," ulimwambia.

"Mama, wanauchukua! Leo ukinaswa kwa jina lake, ndiyo basi."

"Nimesema kaa."

Hajawahi kukukaidi, Mama, ila siku ile. Pembe zilikuwa zimeanza, Tumu ameshafika kwenye maneno ya nyumba ngeni, na sindano inazunguka, Johari alipopenya kwenye mwanya wa makuti akatokea katikati ya wanawake wa Tumu, kichwa wazi, na kupiga kelele, "Wallahi wimbo huu ni wa mamangu!"

Pembe zikanyamaza. Bwana Mbarak akainua sindano haraka, lakini kelele ilikuwa imeshaingia. Sahani imeharibika. Alijifuta jasho akasema kwamba imebaki moja tu, na ikiharibika hiyo hatakuwa na la kuwapelekea waliomtuma, wala hadhani watamtuma Likoni tena.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Wanawake wote walimgeukia Tumu. Johari aliona wazi kwamba kwa neno moja tu angefukuzwa pale kama kuku. Angeitwa mtoto wa jirani mwenye matatizo, na kazi ingeendelea. Tumu alizungusha kijiti cha pembe mkononi. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Nusu yao walikuwa wamejifunza wimbo ule uani kwako, kwa kinywa chako.

"Ni Johari, binti wa Mwanakheri," alisema mwisho, macho chini. "Na asemalo ni kweli. Aliyeutunga yuko nyuma ya makuti haya. Yumo edani."

Bwana Mbarak akasema kwamba mtu anayemtafuta ni huyo. Akapiga hatua mbili kuelekea ua, na hapo ndipo bakora ya Jumaa, aliyekuwa amezifuata kelele kutoka kibarazani, ilipotangulia mbele yake.

"Rudi, bwana. Mjane wa ndugu yangu hasemi na wanaume."

"Ni maswali machache tu, mzee. Kuhusu kazi yake."

"Hata liwe moja. Akimaliza eda, uje."

"Akimaliza eda mimi sijui nitakuwa wapi."

Walisimama hivyo, huyu hasogei na yule haondoki. Johari aliona gari, aliona dereva akitazama jua, akajua kwamba kivuko hakitawangoja. Akashika mkono wa Jumaa.

"Ami, na akisema na mimi? Mimi ni mwanawe. Atanambia mimi, nami nitamwambia bwana."

Jumaa alifikiri mpaka tukachoka. Ni mtu wa sheria, na alitafuta kosa lakini hakuliona. "Bwana ageuze uso," aliamuru. "Nami nasimama hapa hapa. Sauti ikivuka makuti, nakatiza."

Hivyo ndivyo ulivyohojiwa, Mama. Bwana Mbarak uani kwa Tumu, ameelekea ukuta wa jikoni kama mtoto aliyeadhibiwa. Wewe mkekani upande wa pili, ukinong'ona. Johari kwenye mwanya katikati, akipokea swali huku na kutoa jibu kule.

"Muulize huanzia wapi."

"Asema huanzia kwa bibi harusi mwenyewe. Humuuliza anaogopa nini."

"Anajuaje kwamba wimbo umekamilika?"

"Asema ananiimbia mimi. Nikisinzia, bado. Nikiuliza 'kisha?', umekamilika."

Bwana Mbarak alicheka, peke yake. Akauliza juu ya wimbo wa leso, ukamweleza habari za Nyamvula, na kwamba ulitungwa vita vilipokwisha.

"Kabla ya vita, shemegi," Jumaa alidakia. "Nyamvula aliolewa kabla ya vita." Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mlinzi, akakohoa na kuikaza bakora.

Johari alianza kupumua. Kila neno alilolibeba lilikuwa linakurudishia kitu chako, na upande wa pili Tumu alikuwa ameketi na wanawake wake, akisikiliza mambo ambayo mengine aliyaona kwa macho yake. Ndipo Bwana Mbarak akauliza la mwisho.

"Muulize, nyimbo hizi atamwachia nani?"

"Mwenye msiba haulizwi kifo!" Jumaa alifoka.

"Mwache aulize," ulinong'ona, na Johari akalipeleka neno lako.

Alilipeleka akitabasamu. Jibu alikuwa analijua. Ni nani aliyekushikia taa ukitunga, ni nani aliyekariri beti zako zote kabla hajajua kusuka nywele? Akakuinamia asikie jina lake. Ukateremsha sauti mpaka hata Jumaa hakuipata.

"Mwambie namwachia Tumu."

Johari alibaki ameinama. "Mama, sikusikia vizuri."

"Umesikia. Nenda kamwambie."

Tuseme ukweli, maana Johari mwenyewe ametaka usemwe. Aliponyanyuka pale alikuwa na jibu jingine mdomoni. Angesema "mimi," nani angemkanusha? Wewe usingeweza kupaza sauti, na Jumaa hakusikia. Jina lake lingesomwa redioni. Aligeuka akamwona Tumu, mtu aliyekula biriani na kutabasamu mamake akiibiwa.

"Amesema nini?" Bwana Mbarak aliuliza ukutani.

Dereva alipiga honi.

"Amesema anamwachia Bi Tumu."

"Sema tena," alisema Tumu.

Johari akasema tena. Mara ya pili ilimwuma zaidi, akalia mbele ya watu bila kujificha.

Tumu alisimama. Alikwenda mpaka kwenye makuti, akaegemeza paji lake la uso hapo, akasema kwa sauti ndogo, "Mwanakheri, nilikukosea pale Kisauni. Waniruhusu niimbe?"

Hukujibu kwa maneno, kwani Jumaa alikuwa pale. Uligonga ungo kwa vidole. Tumu alikuelewa, akarudi kwa wenzake na macho mekundu, akamwambia Bwana Mbarak atie sahani yake. Sindano ilipoanza kuzunguka hakuimba kwanza. Alisema, pole pole, kila neno peke yake: "Wimbo huu ni wa Mwanakheri binti Shee, wa Bofu, Likoni. Mimi ni Tumu, mwimbaji wake." Kisha akaimba kama ambavyo hatukuwahi kumsikia.

Jioni ile Johari hakukusemesha. Ukamwita, ukampa kikombe chake cha chai, ukamwambia, "Koo lako ni kama langu, mwanangu. Nyimbo zitakufia kooni. Tumu ataziimba, nawe utaangalia asigeuze neno. Nilitaka mtu asiyegeuza neno, na leo nimemwona." Hakuikubali siku ile. Baadaye aliikubali, na tangu hapo ua wa pili hakupiti wiki bila yeye na Tumu kugombana juu ya herufi.

Eda ilipokwisha, mlango wa kwanza kuuendea ulikuwa wa Tumu. Mlikula sahani moja. Na Ijumaa ile ulipotuacha, yeye na Johari ndio waliokuosha.

Tungeishia hapo, Mama, kama si lililotokea mwezi uliopita. Jumaa alikuwa mkahawani karibu na kivuko, redio ikisema. Akasikia pembe, akaisikia sauti ya Tumu, akanyanyua mkono watu wanyamaze. Aliyetangaza alikuwa ameiweka sindano pale wimbo unapoanzia, akayaruka maneno ya mwanzo. Wimbo ulipokwisha alisema kwamba huo ni wimbo wa harusi wa wanawake wa pwani, mtungaji hajulikani.

"Hajulikani na nani?" Jumaa aliiuliza redio kwa sauti kubwa. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alirudi Bofu akihema, akamwita Johari, akamwita Tumu, akatuambia tuandike gazetini, na tuandike majina yote.

Basi tumeandika. Wanaokukumbuka ni binti yako Johari na watoto wake, shemegi yako Jumaa, Nyamvula uliyemfunga leso kwa mikono yako, na Tumu, aliyeomba aandikwe miongoni mwa ndugu, nasi tumemwandika. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Maadamu tunapumua, Mama, hutatutoka moyoni.

Nawe msomaji, ukiusikia wimbo wa leso harusini, mkahawani au redioni, na aliye karibu nawe akauliza ni wa nani, tafadhali mwambie: ni wa Mwanakheri binti Shee, wa Bofu.