Siku ya Kwanza ya Kozi, na Mama Aliyeinua Mikono

Mbale, Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri na soksi zangu bado mbichi. Moyo nao mzito.

Miezi minane niliiandaa kozi hii nyumbani Mafubira: Kiswahili cha biashara, kwa kina mama wanaopeleka mazao ng'ambo ya mpaka, Kenya. Niliringa nayo, sifichi. Leo nimeifundisha kwa mara ya kwanza, na kabla ya chai nilikuwa nimeshaiharibu.

Somo la kwanza lilikuwa amri. Mimi natamka kwa sauti, wao wanatenda, mwili unasaidia kukumbuka. Simama! Leta mzigo! Kina mama walikuwa wanacheka na kusukumana mabega.

Mama Khainza, muuza vitunguu mwenye umri wa bibi yangu, hakucheka. Niliposema, "Fungua gunia!" aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa.

"Ndiyo, afande."

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka. Hilo ndilo linalonitafuna.

Alichukua mkoba wake akatoka. Wakati wa chai jirani yake akanieleza: enzi za utawala wa jeshi, Mama Khainza akiwa msichana, wanajeshi walimsimamisha barabarani pamoja na baba yake kwa maneno kama hayo, kwa Kiswahili, maana huku kwetu ndiyo ilikuwa lugha ya jeshi. Baba hakurudi nyumbani. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni nilimfuata sokoni, nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Aliendelea kuchambua vitunguu vyake. Najua anaihitaji kozi hii. Amechoka kusemewa na dalali kila akivuka mpaka. Mwisho akaniuliza, "Wewe, hii Swahili nani alikufundisha?"

Nikamjibu, shuleni.

Uongo mtupu. Alinifundisha babu yangu, Mungu amrehemu, na babu alikuwa mwanajeshi miaka ileile. Hata zile amri za asubuhi nilizitamka kwa sauti yake.

Uso wa Mama Khainza ukalegea. "Basi, kesho mimi nakuja."

Ningepaswa kufurahi. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, ila mimi wala sikujikwaa; uongo ule niliukusudia. Ukurasa wa amri nimeuchana, kesho tutaanza na salamu na bei.

Lakini akishaketi mbele yangu na daftari lake, nimwambie ukweli kabla ya somo, nimpoteze? Au ningoje kwanza ajue kuuza vitunguu vyake mwenyewe, ndipo anichukie?