Nimeulaza Mzabibu Wako, Papa

Mururu, mwanzo wa mvua

Papa,

Naanza na habari ambayo ungeacha sahani mezani ili uisikie: wazazi wa mzabibu wako wanajulikana. Ndiyo, wazazi wa Cabernet Sauvignon, Kaberne yako. Unakumbuka ulivyomsumbua padri mzee katika bustani ya parokia, kila mlipokata matawi pamoja, ukimuuliza zabibu hii ni ya ukoo gani? Naye alikujibu kwamba hata kwao Bordeaux watu wanabishana, wengine wakisema ililetwa na Warumi, wengine wakisema ilitoka porini. Sasa binti yangu Aline ameyasoma kwenye simu. Wataalamu walipima majani yake, kama wanavyopima siku hizi damu ya mtoto aliyekanwa na baba, wakakuta mzazi mmoja ni Kaberne Fran, zabibu nyeusi, na mwingine ni Sovinyo Blan, zabibu nyeupe kabisa. Walikuwa majirani shambani huko Ufaransa, miaka mia kadhaa iliyopita, wakazaa. Hakuna aliyewaoza, wala hakuna aliyetoa ng'ombe.

Nilicheka, nikageuka kukuambia. Kwenye kiti chako kulikuwa na kapu la viazi. Papa, nina hamu nawe mpaka mwili unauma. Watu waliniambia itapungua. Bado nangoja ipungue.

Nimewafikiria sana hao wazazi wawili. Wewe Mushi, mtu wa kabila la huko Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Maman binti wa hapa Mururu, na sisi tukiulizwa pande zote mbili za mpaka kwetu hasa ni wapi. Ulikuwa ukitutuliza: "Batoto ya mupaka banakuaka na ngozi nguvu." Basi na Kaberne yako ni hivyo hivyo. Punje zake ni ndogo, mbegu kubwa, ngozi nene. Ni ngozi hiyo inayoipa divai rangi nzito na ule ukali unaokausha ulimi kama umeng'ata ndizi mbichi. Ni hiyo pia inayoizuia kuoza haraka mvua ikiwa nyingi. Padri alisema ndiyo sababu imetembea dunia, mpaka Chile, mpaka Afrika Kusini, na mpaka kwenye sanduku lake mwenyewe, vijiti vichache vimefungwa kwa kitambaa chenye maji. Yeye alirudi kwao na kuzikwa huko. Kijiti alichokupa wewe kikabaki hapa nyuma ya jiko letu.

Na ile divai ya kwanza! Majirani walizoea kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ambayo ukiikamua leo unaialikia watu wiki hiyo hiyo. Wakaja na mirija yao. Hukuwa na moyo wa kuwarudisha. Mama Furaha alivuta mara moja, akafumba jicho moja: "Papa Deo, hii ni dawa ya minyoo?" Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Halafu ukawaeleza kwamba pombe hii haina haraka, kwamba ukali wake ndio unaoiwezesha kukaa miaka na kulainika polepole. Wakakusikiliza kwa adabu, wakaenda kutafuta kasiksi kwingine.

Sikumbuki tu maneno, nakumbuka na pua yako. Kabla ya kuvuna ulitupa kila mmoja punje aipasue na kuinusa. Ikinuka pilipili hoho mbichi, ulisema bado, tungoje, maana Kaberne huchelewa kuiva kuliko wenzake. Padri alikuwa akitaja tunda fulani jeusi la kwao ambalo hatujawahi kuliona. Wewe ulisema inanuka inkeri, vile vitunda vya porini tunavyochuma njiani tukishuka ziwani. Mimi hadi leo sijui nani alikuwa sahihi, ila nakuamini wewe.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada yako.

Siku za kilio hakuna aliyeshika jembe wala kisu shambani, kama desturi. Kilio kikaisha, tukarudi kwenye maharage na mihogo, lakini mzabibu wako hakuna aliyethubutu kuukata. Tuliona ni kukukosea heshima. Badala yake tukaulea kama mgomba: samadi, maji kila jioni kiangazi kizima, majani makavu shinani. Ukapanda juu ya paa la jiko, majani mapana kama sahani, watu wakipita wanausifu. Kichala hata kimoja hakuna. Mwaka wa pili vilevile. Deo, mdogo wangu, akasema mvua ikianza ataung'oa apande maracuja, matunda ya pasheni, auze pale mpakani Rusizi ya Kwanza kwa wanaovuka kwenda Bukavu. "Hii muti inakula tu, haizalake." Sikumkasirikia. Ana watoto, na uwanja wetu unaujua ulivyo mdogo. Nilimwomba tu kiangazi kimoja.

Usiku sikulala vizuri, nikiogopa kazi yenyewe. Kwao Bordeaux baridi inaulaza mzabibu. Hapa kwetu baridi kama hiyo haiji, kwa hiyo unakesha tu, unatoa majani mpaka unachoka. Ulisema kila mwaka ukipanda kigodani: "Hii muti haijuake kulala. Ni sisi tunailalishaka." Mimi nilikuwa nikiokota matawi chini na kupiga soga. Mkasi ulikuwa wako.

Basi nikakata maji. Ardhi ikapasuka. Nikaanza kunyofoa majani kwa mkono, moja moja, nikianzia chini kama wewe. Maman alisimama mlangoni mikono kichwani, kana kwamba ni wewe ninayekuvua nguo mbele ya watu. Mama Furaha akaja kuniuliza taratibu kama nimekula. Nikakata. Kila tawi nikaliachia macho mawili ya kuchipulia, na nilipomaliza kilibaki kisiki cheusi kilichokaa kama mfupa. Deo alitazama, akaanza kupima kwa hatua mahali pa maracuja yake.

Mawingu ya kwanza yalipokusanyika, vidonda vyote vya mkasi vikaanza kudondosha maji. Tone, tone, mchana kutwa. Hilo hukunieleza, Papa, au ulieleza mimi nikipiga soga. Nikajua nimeuua. Nikakaa chini yake nikalia kwa sauti, jambo ambalo siku ya mazishi sikupata nafasi, maana nilikuwa na masufuria ya kuangalia. Wiki ile ile macho ya matawi yakavimba, yakachipua. Kumbe mzabibu ukiamka unaanza kwa kulia.

Ukazaa. Si sana, vichala vyembamba, lakini ukazaa, na aliyefunika vichala kwa chandarua ndege wasile ni Deo mwenyewe. Tukanusa, tukangoja, tukanusa tena. Tukakamua. Mtungi wa kioo ukakaa chini ya kitanda cha Maman muda mrefu kuliko wewe ulivyowahi kuvumilia.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, tuliufungua. Unajua kwetu pombe haigawiwi mpaka aliyeitengeneza aonje mbele ya wageni, waone haina ubaya. Miaka yote alikuwa wewe. Deo akamimina glasi akaiweka mezani. Hakuna aliyeichukua. Maman akatazama mlango wa chumba chenu, na mimi pia nikatazama. Tulikuwa tunakungoja, Papa, watu wazima wote wale. Mwishowe Deo akaiinua kwa mikono miwili, akanipa mimi dada yake mkubwa. "Onja, yaya. Ni ya mukono yako."

Nikaonja. Ni kali, inakausha, na mwishoni kabisa inakuja inkeri. Ni nzuri. Na hapo, na glasi mdomoni, nikajua kwamba umekufa. Nilikuzika, nikavaa nguo nyeusi na kuzivua, nikagawa mashati yako, na bado sikuwa nimejua. Nikameza, nikawapa wengine.

Nakuahidi hivi: kila kiangazi nitaulaza, hata Maman aweke mikono kichwani, na mkasi nitamfundisha Aline nikiwa bado nauweza. Deo hataung'oa. Amekwisha kuomba kijiti apande kwake.

Pumzika sasa. Usihangaike na glasi yetu, Papa. Kuanzia mwaka huu ninaonja mimi.

Binti yako,
Espérance