Turubai la Msiba Uani Kwangu

Mponde, Bumbuli,
S.L.P. 40,
Lushoto, Tanga.
Jumatatu, 19 Februari 2024.

Mpendwa Shangazi Marta,

Shikamoo Shangazi. Shikamoo tena, na hii ya pili ni ya miezi yote niliyokaa bila kukuandikia. Miguu inaendeleaje? Dada Happiness aliniambia kwamba huko Songea umepata dawa nzuri ya kuchua, na siku hizi unafika kanisani bila kushikwa mkono. Nilifurahi mpaka nikamwambia mwanangu Alen, ingawa hajui miguu ya nani inasemwa.

Sisi huku wazima. Mume wangu Mika yuko Lushoto mjini wiki hii, kapata kazi ya kupiga plasta. Mama mkwe yupo, macho ndiyo hayo, anatambua mtu kwa hatua zake tu. Janeth ameng'oka jino la mbele na anajiona mtu mzima. Mimi naamka alfajiri kwenda kuchuma chai, narudi mchana, napika bada ya unga wa muhogo, naanza upya. Nimechoka, Shangazi, lakini siumwi.

Ningeweza kukupigia simu. Nimejaribu mara mbili na nikakata kabla haijaita. Kwenye simu ningelia, au ningedanganya, na kudanganya nimeshadanganya kwa kutosha. Karatasi inanisubiri. Naomba uisome ukiwa umekaa, na Happiness akikusomea, mwambie asiruke mahali.

Ni habari ya turubai lako.

Nalijua vizuri lile turubai lilivyokuja. Siku tuliyomzika Baba, mvua ilitupiga sote hapo uani, na wewe ulishika mwavuli juu ya jeneza la kaka yako huku mwenyewe unalowa mpaka mifupa. Uliporudi Songea ukalituma hilo turubai la bluu kwa kikundi cha akina mama wa mtaa wetu, ukasema asizikwe tena mtu hapa huku wafiwa wakilowa. Tangu hapo tunalitunza kwa zamu, kila mmoja miezi mitatu. Na kuna utaratibu: anayekabidhi na anayepokea wanalikunjua pamoja uani, wanalipitia pindo kwa pindo, wanahesabu matundu ya kamba, ndipo linakunjwa tena.

Zamu yangu ilianza Januari. Nililipokea kwa Shamsa, yule mama wa Tanga mjini mwenye duka la mchele na unga pale njia panda. Siku hiyo wateja walikuwa wamemjaa, na mimi nilikuwa na haraka ya kurudi kwa watoto. Akasema, "Ngoja nimalize hapa tulikunjue, Mama Janeth." Mimi ndiye niliyesema, "Acha tu bibie, nakuamini." Yakumbuke maneno hayo, maana nimekuja kuyatumia vibaya.

Sasa nikueleze habari ya jua. Utacheka, utasema Mponde kuna jua gani. Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Kwa kuwa asubuhi tunavaa masweta, tunadhani jua letu ni la mapambo. Mwaka jana nilimsumbua Mika mpaka akaukata ule mti wa mgrivea wa nyuma ya nyumba, tukapata mbao za kupaulia jiko. Jiko likawa zuri. Uani kukabaki kweupe kama sahani. Januari hii mvua ilikatika mapema, ikifika saa tano ndani ya nyumba bati linapika, nje udongo unaunguza nyayo, na watoto hawana pa kwenda. Mama mkwe anakaa mlangoni kuwaangalia, lakini kwa macho yale anaangalia sauti zao tu.

Siku moja nilirudi kutoka kupima majani, nikakuta uani kimya. Mama mkwe kasinzia. Nikaita, hakuna. Nikakimbilia barabarani. Kulikuwa na lori la kabichi limesimama, dereva anakunywa chai kwenye kibanda ng'ambo. Utingo alikuwa ameinama anatazama chini ya lori, kisha akapiga kelele, "Mwenye watoto huku ni nani?"

Shangazi, Alen alikuwa amelala katikati ya matairi ya nyuma, shavu kwenye lami. Janeth kakaa pembeni yake anambembeleza mtoto wake wa gunzi. Nilipomvuta Alen akaniambia, bila wasiwasi wowote, "Mama, huku kuna kivuli." Dereva alikuwa ameshasimama, ufunguo mkononi. Aliniambia neno moja la matusi, na nililipokea. Lilinistahili.

Sikulala vizuri. Kesho yake sikwenda kwenye chai. Nililitoa turubai kwenye gunia lake, nikalifunga nyuma ya nyumba, upande mmoja kwenye paa na upande wa pili kwenye migomba, mahali ambapo mtu wa njiani haoni. Kivuli kikajaa uani. Alen alizunguka ndani yake kama ndama. Wakaiita nyumba ya bluu.

Mama mkwe aliposikia nailoni inapiga upepo alisimama mlangoni, akauliza, "Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna.

"Basi hicho kilio kimefungwa cha nini? Shusha hicho kitu Zipora. Turubai la msiba likikaa wazi bila maiti, linatafuta."

Sikushusha. Nilimjibu kwamba lori nalo lilikuwa linatafuta, na lilikaribia kupata. Hapo sijuti, nakwambia kweli. Ningemwendea Mama Kristian, mwenyekiti wetu, nikamweleza habari ya lori, pengine angenipa hata wiki moja. Lakini niliogopa kusikia hapana, na niliona haya kusema mbele ya watu kwamba wanangu walikutwa chini ya gari. Nikanyamaza, nikalitumia. Siku kumi na moja.

Siku ya kumi na moja ulikuja upepo wa mchana. Ncha ya bati ikalichana, mpasuko wa urefu wa mkono wangu mzima, na pembeni vitundu vitundu. Nililikunja haraka, nikalirudisha kwenye gunia, nikajiambia Jumamosi nitalishona.

Ijumaa akafariki mzee Kornelio.

Walikuja vijana kulichukua, nikawapa. Nikawapa, Shangazi, nikiwa najua. Lilipofungwa kule msibani nilikuwa nyuma, kwenye masufuria. Nikaona mstari wa jua umeshuka kutoka kwenye ule mpasuko, umelala begani kwa mjane wa Kornelio. Akasogea kidogo kwenye mkeka. Jua likamfuata. Akasogea tena. Mama wa watu amefiwa, na kazi yake mchana ule ilikuwa kulikimbia jua langu. Nilimkumbuka mtu aliyenyeshewa siku ya Baba, na nikashindwa kugeuza wali.

Baada ya mazishi Mama Kristian akalishusha, akatuita. "Zipora, hili vipi?"

Nikasema, "Mama, tulikabidhiana bila kulikunjua. Nilivyolipokea ndivyo nilivyolitoa."

Ndivyo nilivyosema. Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Wote wakamgeukia Shamsa. Mmoja akasema hayo ni meno ya panya wa dukani. Shamsa akadhani ni utani, akajibu, "Panya wangu wana magunia kumi ya mchele, wale nailoni wana njaa gani?" Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, wakaanza yale maneno: watu wa kuja, cha wenzao hawakijali, mtu akitoka Tanga anatufanya sisi wa milimani wajinga. Shamsa akanitazama mimi. Alikuwa anasubiri niseme tu kwamba siku ile mimi ndiye niliyekataa kulikunjua. Nikainama kuokota mwiko ambao haukuwa umeanguka.

Shamsa akalichukua turubai bila ubishi. Siku mbili cherehani yake ilisikika mpaka barabarani. Alilishona kwa kitambaa kizito chake mwenyewe, mshono mara tatu. Na kikundi kikapanga kikao Alhamisi hii ijayo, kuamua kama atolewe.

Sasa sikiliza hili. Jumanne iliyopita alikuja hapa nyumbani jioni. Nikamkaribisha, hakukaa. Akafungua kanga yake, akatoa yule mtoto wa gunzi wa Janeth. Bado amefungwa kipande cha gauni langu la zamani, lile la maua ya njano ambalo mtaa mzima unalijua, maana nililivaa miaka minne.

Akasema, "Nimemkuta amelala ndani kabisa ya pindo la turubai, pale lilipofumuka. Mpe uji, amepoa."

Janeth akamdaka mtoto wake, akamshukuru, "Ahsante mama mkubwa!" Shamsa akampapasa kichwa. Hakuniuliza kitu. Alitazama kule nyuma ya nyumba, uani peupe, akatazama kamba zangu ambazo bado zinaning'inia kwenye paa, akasema, "Jua kali mwaka huu," akaenda zake. Bora angenitukana kama yule dereva. Angeweza kumpeleka huyo gunzi moja kwa moja kwa Mama Kristian. Alimleta kwangu.

Usiku ule ule nilianza kufikiria kivuli upya, na hapa ndipo aibu inaponila zaidi. Wewe ulitulea mimi na Happiness kwenye uwanja usio na mti hata mmoja. Ulitufanyia nini? Miti minne, kamba, na majani makavu ya migomba. Kila kiangazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nakushikia kamba. Nimelisahaulia wapi jambo hilo hata nikakimbilia kuiba kivuli cha wafu, wakati migomba imenizunguka pande zote?

Nimekijenga sasa. Nguzo nne za mabaki ya ule mgrivea, mbili ndefu, mbili fupi, ili upepo upite na maji yateremke. Juu nimeshona viroba nane vya mbolea. Nilivifua mara tatu kwenye mto na kuvianika siku nzima, isije dawa ikawapata watoto. Juu ya viroba nimelaza majani ya migomba kama yako, maana viroba peke yake vinapitisha joto. Chini nimemwaga maranda, niliyaomba kwa fundi wa mbao, akanipa magunia matatu bila kitu. Kwenye kila nguzo nimepanda mpasheni. Mwakani ukitambaa hatutahitaji hata viroba. Nimetumia siku mbili, na cha kununua kilikuwa kamba tu. Siku mbili! Hata zile za cherehani ya Shamsa zilikuwa mbili.

Watoto wanashinda humo. Alen ameuliza nyumba ya bluu iko wapi. Nikamwambia ilikuwa ya watu, tuliichukua bila kuomba, na mama alikosea. Ana miaka mitatu, akasema, "Omba msamaha basi." Ndivyo ninavyowafundisha, sasa nakwepaje?

Kwa hiyo, Shangazi, Alhamisi nitakwenda na barua hii kikaoni. Sitasema kwa kichwa, maana kichwa changu kimeshaonyesha kinaweza kutunga nini. Nitaisoma hii hii, kuanzia shikamoo mpaka mwisho, Shamsa akiwepo. Pale penye mjane wa Kornelio pia nitasoma, naye atakuwepo. Wakinitoa kwenye kikundi nitatoka. Nakuomba kitu kimoja: usipige simu kwa Mama Kristian kunitetea. Najua moyo wako, utataka kusema Zipora ni mtoto mwema, alihangaika na watoto. Kuhangaika nilihangaika. Uongo niliusema nikiwa nimeshapumzika.

Na wewe nisamehe kwa ajili ya kitu ulichokinunua kwa uchungu wa kaka yako. Lina kiraka sasa, kipana, cha rangi ya kahawia. Ukija utakiona. Ni mshono wa Shamsa, na kila litakapofungwa nitainua macho nikitazame.

Nisalimie sana dada Happiness na shemeji. Mwambie Happiness lile gauni la njano aliloniachia limeishia kuwa nguo ya gunzi, na limesema kweli kabla yangu. Mama mkwe anakusalimu, anasema njoo kabla macho hayajaisha kabisa, akutambue hata kwa kivuli. Janeth anakutumia jino, nimelikunja kwenye karatasi ndogo. Alen anasema hajambo.

Mungu aipe nguvu miguu yako, akupitishe salama kwenye jua na kwenye mvua, na siku moja akulete ukae kwenye maranda chini ya mpasheni wangu, hata kama utakuwa umenikasirikia.

Bahasha nimeshaiandika jina lako, lakini sijaifunga. Nimempigia Mika, nimemwambia asiipeleke posta mpaka atakaporudi Ijumaa, na kama Alhamisi nitashindwa kufungua mdomo, aichane. Basi, Shangazi, kama barua hii iko mikononi mwako, ujue nilisoma yote.

Mwanao uliyemfunika kwa majani ya migomba, mwenye haya na mwenye kukupenda,

Zipora