Lori la Kabichi Lapata Joto

Kiganjo, Thika
20 Julai 2025

Mpendwa Mjomba Absalom,

Kabla ya jambo lolote, nakujulia hali. Je, goti lako lililoteguka kwenye barafu mwezi wa Machi limepona? Mama hulitaja kila tunapoomba mezani, hata nadhani sasa linajulikana mbinguni kwa jina. Sisi huku Kiganjo tu wazima, isipokuwa baridi ya Julai imetubana, na Nyanya amekataa kabisa kutoka jikoni.

Najua unangoja habari ya kazi. Tangu katikati ya Aprili nimekuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu katika gereji ya Bwana Chege kule Ruiru, upande wa Kamakis. Majaribio yalikuwa yaishe Ijumaa hii iliyopita, na neno la kunibakiza au kuniaga lilikuwa la fundi mkuu, Fundi Mwangangi, mwenye miaka ishirini na mitano kwenye injini za dizeli. Siku yangu ya kwanza aliitazama shahada yangu ya uhandisi akasema, "Karatasi safi. Usiilete karibu na grisi."

Jumatatu dereva mmoja aitwaye Jared alituletea lori linalobeba kabichi kutoka Njabini hadi Thika. Hita ya kebini haikuwa na nguvu. Usicheke, Mjomba. Kwenu Winnipeg hita ni uhai, lakini hata huku, alfajiri ya Julai katika msitu wa Kimakia, kioo cha mbele hujaa ukungu, na dereva huendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukipangusa. "Hiyo hita inanipulizia kama mtu anapoza uji," Jared alilalamika.

Fundi Mwangangi aliijaribu pale uwanjani saa saba mchana, akahisi vuguvugu, akaamua kwamba radieta ndogo ya hita, ile iliyofichwa nyuma ya dashibodi, imeziba. Kuifikia ni kung'oa dashibodi nzima, kazi ya siku mbili. Mimi nilikuwa nimeshika ile mipira miwili inayopeleka na kurudisha maji ya hita, nikakuta yote ina joto sawa. Kama radieta ndogo ingekuwa imeziba, mpira mmoja ungechoma na wa pili ungekuwa baridi. Nilisema hivyo kwa adabu zote.

"Madam, hii ni lori, si mtihani," alinijibu. Mafundi walicheka. Nami nilicheka kidogo, nisionekane mwenye kiburi.

Hata hivyo nilimwomba Bwana Chege aniruhusu kumsindikiza Jared safari moja kabla dashibodi haijaguswa. Alikubali, nadhani kwa hamu ya kuona nitakavyotetemeka. Jumatano tuliondoka Thika saa kumi na moja alfajiri kwa barabara ya Gatura, macho yangu kwenye geji ya joto. Saa nzima baadaye mshale ulikuwa bado umelala chini, ungedhani injini imewashwa wakati huo huo. Hita haikuwa na kosa, Mjomba. Injini yenyewe ilikuwa baridi, na hita haiwezi kugawa joto isilopewa.

Nilimwomba Jared asimame. Nilichukua boksi la karatasi nyuma ya kiti, nikalibana mbele ya radieta kubwa inayopoza injini ili kupunguza upepo. Tulipoendelea mshale uliinuka, na kabla ya Njabini kioo kilianza kutakata chenyewe kutoka chini kwenda juu. Jared aliimba wimbo wa kanisani hadi mwisho. Ndipo nikamwuliza habari za themostati, ile inayozuia maji yasiende kwenye radieta kubwa mpaka injini ipate moto.

"Hiyo ilitolewa mwaka juzi, lori ilipochemka," alisema. "Na mwenye aliitoa unamjua. Ni Mwangangi."

Hujasahau desturi ya mafundi wetu: gari likichemka tu, themostati hutolewa ikatupwa, eti ni ya nchi za baridi. Kumbe siku ile lori lilichemka kwa sababu radieta ilivuja, nayo ilizibwa siku iyo hiyo. Themostati iliadhibiwa bila hatia.

Basi nikawa na jibu sahihi ambalo lingeweza kuninyima kazi siku mbili kabla ya kuipata. Niliporudi Ruiru nilimwita Fundi kando, nyuma ya mapipa ya oili, nikamweleza yote kwa sauti ya chini. Alinawa mikono polepole mno, akaenda zake.

Alhamisi asubuhi mafundi wote walilizunguka lori, Bwana Chege akiwa katikati yao. Nilipoinua spana, Fundi Mwangangi aliinyakua mkononi mwangu, akafungua mwenyewe kifuniko cha themostati, akaonyesha tundu tupu. "Mimi ndio nilitoa," alisema kwa sauti kubwa hadi wapita njia wakageuka. "Na huyu amenishika." Kisha akanigeukia: "Haya, Engineer. Kama uko na nyingine, weka. Unangoja nikupigie magoti?"

Nilikuwa nayo mfukoni.

Ijumaa alfajiri Jared alinipigia simu kutoka Kimakia akipiga kelele: "Madam! Nimevua koti! Nimevua na sweta!" Nilimsihi abakize shati.

Saa nne tuliitwa ofisini. Bwana Chege alimwuliza Fundi kama nibaki. Fundi alikuna kidevu. "Abaki," alisema. "Akienda gereji ingine, ataambia watu vitu zote nimewahi kutoa." Nilitia sahihi barua ya kuajiriwa papo hapo, Mjomba, nikiwa bado nimesimama.

Kesho nakabidhiwa basi la shule linalochemka. Fundi Mwangangi amekwisha kuwaonya wenzangu: asitoe mtu kitu chochote kabla sijafika.

Mama na Nyanya wanakusalimu sana, na mdogo wangu Khisa, aliyeanza kidato cha tatu, anaomba picha yako ukiendesha gari la kukwangua theluji. Wasalimie Auntie Carolyne na watoto. Mungu akupe barabara kavu, goti imara na siku nyingi za kutuona tukiinuka.

Mimi mpwa wako nikupendaye kwa moyo wote,
Mhandisi Dorine Nekoye