Kitanda cha Baba Hakikuliwa na Mchwa

Tanga, mwezi ishirini na mbili, Mfungo Sita

Kombo, kitanda cha baba hakikuliwa na mchwa. Nimekiona. Kiko bara huku, ndani ya nyumba ya vitu vya kale, kimetandikwa shuka ya hariri na mito miwili, na wazungu wanakikalia wapigwe picha.

Haya, sasa nikusalimu, maana sikulelewa kuingia kwa mtu bila ya hodi. Mdogo wangu Kombo bin Faki, hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Na ule mgongo wako umepoa, au bado unajinyoosha kama mzee kila ukiinuka? Mie mwili wangu mzima. Moyo usiniulize, utaujua ukifika chini ya karatasi. Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi zile zile za Kiarabu tulizopigiwa viboko chuoni, na kama mistari inapanda na kushuka ni kwa sababu sikutaka Saidi aniandikie. Maneno haya nataka kwanza yawe yangu na yako.

Naanza mwanzo, usije ukasema dada amekurupuka.

Mwanangu Saidi sasa ni dereva wa bibi mmoja wa kizungu anayeandika kitabu cha nyumba za kale za pwani. Kati ya madereva wote wa Tanga alimchagua yeye. Si kwa kuwa nimemzaa mie, lakini kijana yule akilishika gari, hata njia ya mchanga inamstahi. Wenzake wanashuka kusukuma; yeye analibembeleza tu, linatoka. Kiingereza anasema, Kihindi anasikia, na kofia yake haina hata doa. Basi bibi yule alikuwa na shida moja. Kila akifika kwenye nyumba ya wenyewe anaishia barazani, kwa sababu ndani kuna wanawake na Saidi ni mwanamume, hawezi kuingia naye kumfasiria. Saidi akamwambia, "Mama yangu yupo, na hakuna mlango wa mwanamke utakaofungwa mbele yake." Ndivyo nilivyotiwa kwenye gari, kiti cha nyuma peke yangu, na mto wa kuegemea. Siku tisa, Kombo. Mabinti wa Tanga walikuja kunitazama ninavyoondoka.

Mji wa kwanza tulioshuka, serikali imeichukua nyumba ya tajiri mmoja wa zamani ikaweka vitu ndani, kila kitu na kikaratasi chake. Sahani za buluu kwenye zidaka za ukutani, nzuri kabisa, lakini za marehemu mama zilikuwa nzuri zaidi. Halafu nikaiona mbuzi ya kukunia nazi imewekwa juu ya meza. Nikamwuliza Saidi pameandikwa nini. Akasoma, akasema, "Mama, wameandika ni kiti cha mtoto cha kusomea Kurani. Na hili jino la chuma ni la kuegemezea kitabu."

Nikamwambia, "Mwambie bibi yako mtoto akisomea hapo atarudi kwao hana mapaja."

Bibi alicheka mpaka akatoa kitambaa, na akaandika kila neno kwenye daftari lake. Kuanzia siku ile akawa haandiki kitu mpaka aulize, "Mama Saidi anasemaje?" Nakuambia ukweli, nilivimba. Nilijiona kadhi.

Mji wa pili nyumba ilikuwa ya jumbe mmoja wa enzi za kabla ya Mdachi. Hiyo haikuchukuliwa yote. Mbele ni ya kutazamwa, ngoma na mikuki, na nyuma bado anakaa mjukuu wa yule jumbe, kizee, chumba kimoja na jiko. Nikaingia kwake na bibi. Yule kizee akaniambia, "Wanakuja, wanatazama sufuria zangu, wanaondoka. Hajatokea hata mmoja akaniuliza kama nimekula." Nikamfasiria bibi kwa ishara kadiri nilivyoweza. Akaona haya, akakaa chini kwenye jamvi. Mie nikawasha moto, nikapika, tukala watatu. Niliondoka pale moyo umeanza kuniuma, sijui kwa nini. Labda ulikuwa unajua unakokwenda.

Mji wa tatu jina lake sitaki kuliandika. Ni mji mdogo, mto mmoja na minazi. Nyumba ni ya mzungu mmoja mzee aliyekuwa na shamba la mkonge. Ameinunua nyumba ya kale akaijaza vitu alivyovikusanya huku na huku. Mwenyewe alitoka kutupokea na fimbo yake ya kutembelea, mtu wa adabu, akatupandisha ghorofani. Akafungua mlango akasema kwa Kiswahili chake, "Hapa chumba cha bibi arusi."

Na katikati ya chumba, kitanda.

Sikukijua mara moja. Kimepakwa mafuta, kinang'aa, kimefunikwa hariri nyekundu. Saidi akasoma kikaratasi: "Kitanda cha bibi arusi wa kisultani, Pemba." Nikatabasamu, Kombo. Mungu anisamehe, nilisimama nikatabasamu nikasema, "Naam, kwetu tulikuwa na vitu." Yule mzee akaivuta shuka kidogo atuonyeshe kamba zilivyowambwa, wazi wazi, ngumi inapita. Akaeleza kwamba ziliachwa wazi makusudi ili upepo upite chini na bibi arusi asione joto.

Hapo ndipo nilipoacha kutabasamu. Kamba za kitanda huwambwa wazi vile kwa jambo moja tu, na si upepo unaopita.

Nikayatazama matendegu, ile miguu yake minne. Matatu ya mfenesi, moja la mkarafuu.

Nikapiga magoti. Wakadhani napendezwa. Nikapitisha mkono chini ya mfumbati, ule mti wa ubavuni, upande wa kichwa, na kidole changu kikaingia kwenye ile mimu niliyoichonga kwa kisu nilipokuwa mtoto, herufi ya kwanza ya jina langu, ambayo baba alinichapa kwa ajili yake nikashindwa kukaa siku mbili. Kidole kiliijua njia.

Wakati huo bibi yetu alikuwa amekwisha kukaa. Amekaa juu yake kama kwenye kochi, anapigapiga shuka kwa mkono, "Mama Saidi, njoo, kaa hapa, tupigwe picha." Mzee ameshatengeneza kamera yake, anasema kila mgeni hupigwa picha pale, wengine hulala kabisa, mke na mume.

Nikasema, "Saidi, mwambie bibi yako ainuke. Mwambie taratibu. Hiki ni kitanda cha kuoshea maiti."

Saidi alinitazama. Nikamwambia, "Bibi yako, mama yangu mie, alioshewa hapo. Babu yako aliyekichonga alioshewa hapo. Mwambie."

Akamwambia. Bibi hakupiga kelele, lakini aliinuka kama aliyekalia kaa la moto, akasimama ukutani amejishika mikono. Na yule mzungu mzee, unajua alifanya nini? Alifurahi. Alisugua viganja vyake. Alisema sasa kitanda kina hadithi nzuri zaidi, na akatoa kalamu palepale akaanza kubadili kikaratasi.

Mlangoni alikuwa amesimama msimamizi wake na ufagio, mtu mzima, Mswahili mwenzetu. Nikamgeukia, "Na wewe, Mwislamu mzima, hukulijua hili?"

Akasema, "Nililijua siku kilipoingia, bibi. Nimeajiriwa kufagia, sikuajiriwa kusema."

"Kililetwa na nani?"

"Na bwana mwenyewe, alipokwenda Pemba kutembea. Anapenda sana kukisimulia. Anasema alikipata Wawi kwa mtu mmoja, wakabadilishana. Yeye alitoa baiskeli."

Kombo, nilikaa chini pale pale, sakafuni.

Nilikumbuka barua yako. Uliandika: "Dada, mchwa hawana adabu, wamekila kitanda cha baba mpaka matendegu." Nilicheka kwa ulivyoyapanga maneno. Na katika barua ile ile, chini, ukanieleza kwamba Mungu amekujaalia baiskeli, nyeusi, ina kengele, na kwamba unatoka Wawi unafika Chake Chake kahawa ya barazani haijapoa. Na mie, hayawani, nilikwenda harusini kwa watu nikaisifu. Nilisema mbele ya wanawake thelathini, "Ndugu yangu hatembei kwa miguu kama waume zenu." Nimekisifu kitanda cha wazazi wangu kikiwa na magurudumu mawili.

Wewe unajua kwa nini baba alikichonga. Usijifanye ulikuwa mdogo. Wewe ndiwe uliyemshikia mbao akipiga randa. Mama yake alipofariki hapakuwa na kitanda mtaani, wakang'oa mlango wakamwosha juu ya mlango, na mlango ukateleza, akaanguka ndani ya mfuo, lile shimo la maji ya kuoshea. Baba aliona. Akaapa kwamba hakuna mtu wa Wawi, mwenye shamba au asiye nalo, atakayeoshewa tena juu ya mlango. Mbao za mfenesi zikamwishia kwenye tendegu la nne, akakata mkarafuu wake uliokuwa ukizaa. Siku kilipokwisha aliwaita watu baada ya sala akasema, hiki ni wakfu, hakiuzwi, hakirithiwi, hakikai kwangu kwa kuwa ni changu, kinakaa kwangu kwa kuwa nina ukuta wa kukiegemeza. Wewe ukarithi ukuta, Kombo. Ukuta tu.

Na shangazi Bi Time je? Aliyetunyonyesha sote wawili kila mama alipougua. Uliniandikia mwenyewe kwamba alipofariki mlimwosha juu ya mlango wa jikoni, "kwa kuwa mchwa walishatangulia." Nililia kwa ajili ya mchwa. Nilimwomba Mungu awalaani wadudu wasio na kosa. Na siku ile baiskeli ilikuwa wapi? Ilikuwa imeegemezwa pale pale ukutani?

Sikutukani. Kama ningetaka kukutukana barua hii ningeiandika kwa Shehe Khamisi, aisome msikitini. Nimekubeba mgongoni mpaka ukajifunza kutembea, na hata sasa nikiona samaki wa kuchoma nakumbuka kwamba kichwa ni chako. Ndiyo maana inaniuma. Ungekuwa mtu baki ningetema mate nikaendelea na safari.

Nilimwomba yule mzungu akirudishe. Bibi yetu naye alimwomba, kwa ukali, nakushuhudia, mpaka uso wake ukawa mwekundu. Alikataa kwa adabu ile ile. Alisema yeye alitoa kitu akapewa kitu, na aliyempa hakumwambia kwamba si chake. Na hapo kasema kweli.

Basi nikaomba ruhusa moja tu, nikipime. Nikavua utepe wa nywele nikapima urefu, upana, kimo cha matendegu, nikafunga fundo kila mahali. Shuka ile nikaivua nikaikunja nikamkabidhi yule msimamizi, nikamwambia asiitandike tena. Akasema, "Hilo nitalifanya, bibi, hata nikifukuzwa." Kabla ya kutoka nilimsomea mama Fatiha mle chumbani, na bibi wa kizungu akasimama nyuma yangu ameinamisha kichwa.

Kitanda kipya kipo kwa fundi hapa Tanga. Matendegu yote manne ni ya mvule, na Saidi wangu ndiye aliyezitafuta mbao, na kila jioni akivua kofia yake anakwenda kuchonga pamoja na fundi, maana mkono wa babu yake umemtokea yeye. Watu wanasimama kumtazama. Tutakuja nacho kwa meli, tutashuka bandari ya Mkoani, tutakileta Wawi kitupu, hakijawambwa. Kamba utasokota wewe. Uanze kuzisokota leo hii, na mkeo asikusaidie.

Na utakiwamba mbele ya watu, kwa mikono yako mwenyewe, wazi kama baba alivyowamba, na kabla hujaanza utasema kwa kinywa chako kile cha kwanza kilikwenda wapi. Utasema na habari ya Bi Time. Nami nitakuwa nimekaa karibu yako, sitakuacha peke yako. Usiposema wewe, nitasema mie, na unajua mie nikianza kusema sina kituo. Baiskeli sina haja nayo. Iuze, umjengee Bi Time kaburi lake, au iache ioze. Lakini siku hiyo utoke msikitini kwa miguu.

Nisalimie wifi yangu Raya, mwambie sina kinyongo naye, na kama alikukataza usikitoe basi nitamvisha kanga mpya. Nisalimie Bi Mkasi, mwosha maiti wetu, umbusu mkono wake kwa ajili yangu. Amefanya kazi yake juu ya milango bila kulalamika. Shehe Khamisi mpe salamu za heshima, umwambie nitahitaji watu wakitoka msikitini wasitawanyike. Na Kanji wa duka la nguo la Chake Chake, anayetupokelea barua, mshukuru, umwambie mwanangu Saidi sasa ana gari la viti vinne.

Ni mie dada yako anayekupenda na aliyekasirika, Mize binti Faki, mama yake Saidi.

Waambie wote, wakubwa na wadogo, wenye mashamba na wasio nayo, kitanda ni chao. Waje nyumbani kwa baba, penye ule ukuta, Ijumaa ya pili ya Mfungo Saba, wakitoka msikitini.