Tela la Kayaki ya Baba Samira

Mtaa wa Sokoni,
Katesh, Hanang,
Manyara.

14 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba Abdulrahmani,

Assalaam alaikum, na shikamoo sana. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri hapo Kigoma, wewe na Mama Sakina. Lile jicho lililofanyiwa upasuaji linaendeleaje? Unasoma mwenyewe sasa, au bado Sakina anakusomea? Kama anayesoma ni Sakina, basi asome polepole na asiruke mahali.

Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Ni miezi ya upepo. Unashuka kutoka mlimani na kutuletea vumbi hadi ndani ya magunia ya sukari. Mahindi hayakuwa mengi mwaka huu, ila maharage yamekubali. Samira yuko chuo cha ualimu Singida, na kila akipiga simu anauliza habari za baba yake kwanza, za kwangu baadaye.

Na mimi nataka kukupa habari za huyo baba yake. Halafu nina maswali, maana katika ukoo wetu wewe peke yako ndiye uliyeishi na maji.

Unajua kwamba mwaka jana mwezi wa nne Nurdin alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti, kwa sababu ya kidonda cha sukari. Ambacho sikukuambia kwenye simu ni jinsi alivyokuwa baada ya hapo. Mtu aliyeendesha magari miaka ishirini na sita akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya duka, uso ukutani. Mguu wa bandia aliletewa, akauvaa mara nne, akauweka juu ya kabati. Nikimuuliza atakunywa chai au uji, anajibu, "Chochote." Mjomba, hilo neno nimelichukia.

Mwezi wa tano mwaka huu nilikuwa nasafisha stoo nipate nafasi ya maharage. Nikautoa nje, uani, ule mtumbwi wa plastiki. Sidhani kama uliwahi kuuona. Kuna Mholanzi mmoja ambaye Nurdin alikuwa akimwendesha kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, na alipoondoka kurudi kwao alimwachia kama zawadi. Wenyewe wanauita kayaki. Ni wa rangi ya machungwa, mrefu kama hatua zangu tano, mwembamba, na mtu anakaa juu yake mmoja tu. Kuna mahali pa kuchomeka fimbo za kuvulia, tena nyuma kuna shimo la kuweka ndoo.

Kilichonishangaza ni matundu. Una matundu sita yaliyotoboka kabisa kutoka juu hadi chini! Nikachukua ndoo ya maji nikamwaga juu yake nione yanakwenda wapi. Yote yakatokea chini, yakanilowesha miguu. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nurdin akageuza kiti.

"Hayo matundu ni ya kutoa maji, siyo ya kuingiza," akasema. "Mwili wake ndani ni mtupu, umejaa hewa tu. Hauzami."

Nikamuuliza mtu anausukumaje. Akaniambia kuna kasia lenye vichwa viwili, na kwamba mtu anakaa tu, kazi yote ni ya mikono. Alipomaliza kusema hivyo akauangalia mguu wake. Nikaenda kulitafuta hilo kasia.

Wiki ile ile tukajaribu kuufunga juu ya kile kigari chetu cha Suzuki ninachoendea kuchukua bidhaa. Ni cha otomatiki, hakina klachi, kwa hiyo Nurdin anaweza kukiendesha kwa mguu mmoja, ingawa tangu atoke hospitali alikuwa hajakigusa. Tuliunyanyua watu watatu: mimi, jirani na mkewe. Nurdin alisimama pembeni na magongo yake. Tulipofika kwenye kukaza kamba akasema, "Ushusheni."

Nikauliza kwa nini.

"Kama kila nikitaka kwenda majini lazima watu watatu waninyanyulie, basi hiyo siyo safari yangu. Ni yenu, na mimi ni mzigo mwingine."

Akarudi kwenye kiti chake. Nilikasirika, Mjomba, sikufichi. Lakini nilipokuwa dukani nikipima unga, lile neno lake likawa linanizunguka kichwani, na hasira ikageuka kuwa udadisi. Ni kitu gani basi ambacho mtu mwenye mguu mmoja anaweza kukipakia na kukishusha mwenyewe?

Nikaenda kwa fundi Tadei, anayechomelea milango na matela kule njia ya kwenda mnadani. Alikuwa na tela dogo lililotupwa, lililokuwa la kubebea jenereta. Nikamweleza shida yangu. Alikuna kichwa, akasema matela yote aliyowahi kutengeneza ni ya magunia na matofali. "Magunia hayahitaji adabu," akasema. "Hilo lako linataka adabu."

Tukaanza. Nasema tukaanza kwa sababu kila siku baada ya swala ya adhuhuri nilikuwa namwachia dada wa duka mizani, naenda gereji. Springi zilikuwa na mabapa manne ya chuma kila upande, Tadei akatoa mawili. Nikauliza sababu. Akasema kayaki ni nyepesi, kilo thelathini na nne tu, na springi ngumu ikibeba kitu chepesi inakirusha badala ya kukibeba. Sikuwahi kufikiria hivyo! Nilidhani ngumu ndiyo nzuri siku zote.

Siku ya tatu nikamkuta Nurdin pale. Alikuwa amekuja kwa bodaboda, magongo yamelazwa mapajani. Hakunisalimia. Alikuwa anamweleza Tadei kwamba kitanda cha tela kisichomelewe moja kwa moja, kiwekewe bawaba katikati. Ukichomoa pini, kitanda kinainama nyuma chenyewe, na kayaki inateleza juu ya roli, vile vigurudumu vya kuviringika, mpaka majini. Mbele kukawekwa winchi ndogo ya mkono yenye mkanda, ya kuirudisha juu. Kando wakachomelea bomba la kushikia, kimo cha kiuno chake, kuanzia mbele ya tela hadi mwisho wake. Nyuma kabisa wakaweka sanduku la vifaa lenye kifuniko imara ili alikalie. Mahali pa kulaza kayaki tulizungushia bomba za plastiki vipande vya zulia letu la zamani la sebuleni.

Jumamosi moja tukatoka kulijaribu, Nurdin kwenye usukani, mimi pembeni. Mara ya kwanza tangu akatwe mguu. Tulishika barabara ya Basotu. Kabla ya kufika kijiji cha Hirbadaw kuna mteremko. Gari lilipopata mwendo, tela likaanza kutikisika kushoto kulia, kwanza kidogo, halafu kama mkia wa ng'ombe mwenye nzi. Likaanza kulivuta gari lenyewe. Nikapiga kelele. Nurdin hakukanyaga breki kwa nguvu, aliachia mafuta tu na kushika usukani mpaka tukasimama, gurudumu moja likiwa ukingoni mwa mtaro.

Mimi nikasema neno ambalo ninalijutia. Nilisema, "Basi, tuuze."

Tukarudi mwendo wa punda. Akakaa kwenye kiti, uso ukutani.

Siku mbili nilishindwa hata kula vizuri. Siku ya tatu niliona mpagazi akipakia sukari ya jirani kwenye mkokoteni. Alitupia magunia yote nyuma ya magurudumu, na mkono wa mkokoteni ukamnyanyuka mikononi, akaanza kuyumba nao. Akasimama, akasogeza gunia moja mbele, akaenda zake ametulia. Nikasimama pale mlangoni na kilo ya mchele mkononi. Mteja akaniuliza kama naumwa.

Nikachukua ile mizani yangu ya kuning'iniza magunia, nikaifunga kwenye boriti ya kibanda cha kuni, na nikaning'iniza mkono wa tela, ile sehemu inayonasa kwenye gari, mzigo wote ukiwa juu. Ilisoma kilo nne. Tela zima na mzigo wake lilikuwa na kilo kama mia na themanini, halafu mbele linakalia gari kwa kilo nne! Sanduku la vifaa tulilokuwa tunajivunia, pale nyuma kabisa, ndilo lililokuwa linaunyanyua.

Nikamwita Tadei. Alipoona mama wa duka anamfundisha tela hakufurahi.

"Mama Samira, nimechomelea matela zaidi ya ishirini."

"Ya magunia," nikamwambia. "Wewe mwenyewe ulisema hili linataka adabu."

Akampigia simu fundi mwenzake wa Babati. Yule akasema uzito wa mbele uwe kama sehemu ya kumi ya uzito wote, ikipungua hapo mkia utachezacheza. Nilijisikia kama nimefaulu mtihani. Nikaenda uani nikamwambia Nurdin zile namba. Halafu akasema, "Lete hayo magongo."

Ekseli, kile chuma kinachoshika magurudumu, ikasogezwa nyuma shubiri moja na nusu, sanduku likahamia mbele karibu na winchi. Mizani ikasoma kumi na tisa. Nyuma, badala ya sanduku, Tadei akachomelea kiti kidogo cha kukunja, chepesi. Tulirudi kwenye mteremko ule ule, Nurdin aliutaka ule ule, na tela likatufuata kimya. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Nilifumbua tulipofika tambarare.

Tulifika ziwani Basotu asubuhi. Mwenyekiti wa wavuvi pale, mzee anayeitwa Margwe, aliangalia leseni yetu ya kuvulia, akaangalia kayaki, akaangalia magongo. Akamwonyesha Nurdin upande wa matete ambako viboko wanalala, asiusogelee, akamwambia avae jaketi la kuokolea na asilivue hata kama jua linachoma. Kisha wavuvi kama sita wakaja kusaidia kushusha.

"Ahsanteni," Nurdin akasema. "Naomba msiguse."

Akarudisha gari nyuma mpaka magurudumu ya tela yakagusa maji. Akashuka, akaegemea gari mpaka akalishika lile bomba, akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja kuelekea nyuma. Katikati akateleza, akaanguka kwenye tope kwa makalio. Nikakimbia. Akanyanyua kiganja bila kunitazama, nami nikasimama. Sijawahi kufanya kitu kigumu kama kule kusimama. Alilikamata bomba kwa mikono miwili, akajivuta mpaka akasimama. Akachomoa pini. Kitanda kikainama, kayaki ikashuka taratibu kwenye roli, mkanda wa winchi umeishika isitoroke. Akakaa kwenye kile kiti cha nyuma, akateleza mpaka juu ya kayaki, akafungua mkanda, akaondoka.

Mzee Margwe akasema tu, "Kumbe."

Siku ile hakupata hata samaki mmoja. Alikaa kule muda wa saa mbili, kidoti cha rangi ya machungwa, na mimi nikawa nahesabu vichwa vya viboko, kama bado vyote viko kwenye matete.

Tangu hapo tumekwenda mara tano. Lakini Jumatano iliyopita nilisikia tela linagongagonga likitoka uani, nikachungulia, nikamwona yuko peke yake ndani ya gari. Hakuniaga. Nilishika simu mara nyingi na sikupiga. Nilipima sukari, nikapima chumvi, nikampa mtu chenji isiyo yake. Alirudi alasiri, matope mpaka kifuani, na perege wawili na kambare mmoja kwenye ndoo. Akanikalisha akanieleza kuhusu ndege mmoja mweusi anayezama na kuibukia mahali usipomtarajia, na kwamba samaki walikula pale tu upepo ulipogeuka.

Sasa maswali yangu, Mjomba. Kwa nini samaki hula pale upepo unapogeuka? Na huko kwenu mnajuaje kwamba upepo utapata nguvu kabla haujamkuta mtu katikati ya maji? Nijibu vizuri, maana hilo la pili siulizi kwa kujifurahisha.

Msalimie sana Mama Sakina, Sakina mwenyewe, na ndugu wote wa Ujiji. Samira anakuamkia. Fundi Tadei hamjuani, lakini amesema nikusalimie, amesikia unaunda mitumbwi. Mwenyezi Mungu akutunze wewe na jicho lako, na akupe siku nyingi zenye afya.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, nimeifungua tena. Nurdin amepita hapa sasa hivi akaniuliza kama kesho kutwa nitafunga duka. "Njoo Basotu," amesema, "nikuonyeshe yule ndege." Amesema kwa adabu, Mjomba, kama mtu anayemkaribisha mgeni nyumbani kwake.

Mpwa wako akupendaye daima,

Farida